Kupima hisia za mtazamaji: Kila chombo kimerudi kwa ulimi

Wahenga walinena kwamba lililo moyoni ulimi huiba. Yaani mtu alifiche jambo vipi, ipo siku ulimi utalichomoa moyoni na kulianika nje. Watafiti wa matangazo ya biashara wamekuwa na imani iliyo kinyume na hiyo kwa zaidi ya karne moja. Wao hushikilia kwamba ulimi hauibi kitu, ulimi huficha. Muulize mtazamaji kama tangazo la sabuni limemgusa, naye atakupa jibu analodhani unalitaka, au atabuni sababu papo hapo, au atakwambia hata hakulitazama. Kwa hivyo wakatafuta njia za kuupita ulimi na kuingia moyoni moja kwa moja: kwa vibonyezo, kwa mboni za macho, kwa jasho la viganja, kwa mawimbi ya ubongo, na siku hizi kwa kamera ya rununu.

Katika makala haya ninakusudia kuisimulia historia ya juhudi hizo, kisha nitoe dai moja. Kila mara chombo kipya kilipobuniwa ili kuukwepa ulimi, hakikufika mbali kabla ya kuurudia ulimi uleule kikiuomba msaada. Ikiwa ndivyo, basi suala la lugha anayoulizwa mtazamaji wa Kisumu, Garissa au Likoni si pambo la kuongezwa mwishoni mwa utafiti. Lugha ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Kabla ya runinga

Hadithi yetu haianzii kwenye runinga. Inaanzia katika maabara ya saikolojia ambayo Wilhelm Wundt aliifungua mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Wundt alisema hisia za binadamu, ziwe nyingi namna gani, zinaweza kupangwa katika mistari mitatu: kutoka karaha hadi raha, kutoka utulivu hadi msisimko, na kutoka mkazo hadi nafuu. Ikumbuke mistari hiyo, msomaji mpendwa, maana tutakutana na jamaa zake karibu karne moja baadaye.

Miongoni mwa waliokwenda kusomea Leipzig alikuwemo Mmarekani Walter Dill Scott. Aliporudi kwao alifundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, na mwaka 1903 akachapisha kitabu The Theory of Advertising. Kabla yake, katika miaka ya 1890, Harlow Gale wa Chuo Kikuu cha Minnesota alikuwa tayari amewapelekea wafanyabiashara hojaji kuhusu matangazo yao, na kuwaonyesha watu matangazo katika maabara ili aone ni kipi huvuta macho kwanza. Scott alipiga hatua zaidi. Alisema mnunuzi si hakimu anayepima ushahidi wa pande mbili. Ni kiumbe anayesukumwa na hisia, mazoea na vishawishi.

Mwaka 1920 John B. Watson, aliyekuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliingia katika kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson jijini New York. Watson alifundisha kwamba mtoto mchanga huzaliwa na mihemko mitatu tu: hofu, hasira na mapenzi. Mingine yote hufunzwa. Kwa mwenye bidhaa, funzo hilo lilikuwa tamu kama asali. Kama hisia hufunzwa, basi poda ya mtoto inaweza kufungwa pamoja na mapenzi ya mama, na dawa ya meno ikafungwa pamoja na hofu ya kuaibika mbele za watu. Kilichokosekana kilikuwa mizani. Utajuaje kwamba fundo limeshika?

Kibonyezo cha kijani na chekundu

Mizani ya kwanza iliyotambulika sana ilitoka kwenye redio. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Paul Lazarsfeld, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alishirikiana na Frank Stanton wa shirika la utangazaji la CBS kuunda kifaa cha kuchanganua vipindi. Msikilizaji alipewa vibonyezo viwili. Alipopenda alichosikia alibonyeza cha kijani. Alipochukia alibonyeza chekundu. Asipobonyeza chochote, ilihesabiwa kwamba hajali. Kalamu zilichora mistari juu ya karatasi iliyokuwa ikisonga polepole, na mwishowe mtafiti akawa na ramani ya kipindi kizima, sekunde baada ya sekunde.

Wazo hilo lilikuwa zuri kwa sababu lilimwondolea msikilizaji mzigo wa kukumbuka. Hakungoja kipindi kiishe ndipo aulizwe. Kidole kilisema palepale.

Hata hivyo, Novemba 1941 Lazarsfeld alimwalika mwanasosholojia Robert Merton aje atazame kipindi kikipimwa. Wasikilizaji walibonyeza, kisha wakahojiwa. Merton hakuvutiwa sana na vibonyezo. Kilichomshughulisha ni mahojiano yaliyofuata, maana aliona wahojaji wakiyapoteza majibu ya maana kwa maswali yasiyolenga. Kibonyezo chekundu kinakwambia mtu alikereka katika dakika ya nne. Hakikwambii kama alikerwa na sauti ya msomaji, au na jambo lililotajwa, au na kumbukumbu ya msiba wake mwenyewe. Merton alikuja kutunga utaratibu wa mahojiano lengwa, na yeye pamoja na Patricia Kendall wakauandikia makala mwaka 1946. Utaratibu huo ni mmoja wa mababu wa makundi ya majadiliano ambayo kampuni za utafiti wa soko hapa kwetu huyaitisha hotelini, watu wanane au kumi na soda mezani.

Angalia kilichotukia. Kifaa kilibuniwa ili mtu asihitaji kusema. Katika miaka michache tu kikawa utangulizi wa kumfanya aseme.

Runinga yaingia

Mwaka huohuo wa 1941, tarehe 1 Julai, kituo cha WNBT cha New York kilionyesha tangazo linalohesabiwa kuwa la kwanza halali la biashara katika runinga ya Marekani. Lilikuwa la saa za Bulova, na lilidumu sekunde 10 hivi kabla ya mchezo wa besiboli. Waingereza walisubiri hadi tarehe 22 Septemba 1955, ITV ilipotangaza dawa ya meno ya Gibbs SR. Kwetu Kenya runinga ilianza mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru.

Fedha zilizoingia katika matangazo ya runinga zilizaa haja ya vipimo vipya. Horace Schwerin, aliyeanzisha kampuni yake ya utafiti mwaka 1946, aliwaalika watu ukumbini. Kabla ya onyesho walichagua bidhaa ambayo wangependa kupewa kama zawadi wakibahatika. Wakatazama kipindi chenye matangazo ndani yake. Kisha wakachagua tena. Tofauti kati ya chaguo la kwanza na la pili ndiyo iliyokuwa alama ya tangazo. Schwerin hakuzama katika masuala ya moyo. Alitazama mkono umeelekea wapi.

Wengine walitaka kuingia ndani zaidi. Katika kitabu The Hidden Persuaders cha mwaka 1957, mwandishi Vance Packard aliwaeleza wasomaji wake jinsi mtafiti James Vicary alivyotumia kamera zilizofichwa kuhesabu mara ambazo wanawake hupepesa macho wakiwa dukani. Mwaka huohuo Vicary alidai kwamba ujumbe uliomulikwa kwa nukta ndogo ya sekunde katika ukumbi wa sinema wa Fort Lee, New Jersey, uliwafanya watazamaji wanunue soda na bisi kwa wingi bila kujua. Dunia ikashtuka. Mwaka 1962 Vicary mwenyewe akakiri kwamba data aliyokuwa nayo ilikuwa haba mno. Uzushi ule ungali unasimuliwa hadi leo kana kwamba ni kweli, hata katika baadhi ya madarasa.

Mboni, jasho na ubongo

Sisi husema macho hayana pazia. Kana kwamba ameisikia methali hiyo, Eckhard Hess wa Chuo Kikuu cha Chicago aligeukia mboni. Alisimulia kwamba usiku mmoja alikuwa kitandani akitazama kitabu cha picha nzuri za wanyama, mkewe akamwambia mboni zake zimepanuka ajabu ingawa taa ilikuwa na mwanga wa kutosha. Mwaka 1960 yeye na James Polt walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba mboni hupanuka mtu anapoona kinachomvutia. Wenye kampuni za matangazo walichangamka. Hapa kuna kiungo cha mwili kisichojua kusema uongo!

Lakini mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni hupanuka pia mtu anapojitahidi kukumbuka tarakimu. Kwa hivyo mboni iliyopanuka inaweza kuwa ya mpenda bidhaa, au ya mtu anayepiga hesabu ya bei, au ya aliyeshtuka. Kipimo cha jasho la kiganja kina udhaifu huohuo. Umeme hupita kwa urahisi zaidi kwenye ngozi yenye unyevu, na unyevu huongezeka mtu anaposisimka. Amesisimkwa na furaha au na woga? Kiganja hakisemi. Kinajua kiasi, hakijui jina.

Mwaka 1971 Herbert Krugman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alichapisha utafiti wa mawimbi ya ubongo. Alimwekea elektrodi kisogoni mtu mmoja tu, msichana wa miaka 22 aliyekuwa karani, kisha akalinganisha hali yake akisoma jarida na akitazama matangazo ya runinga. Mbele ya runinga mawimbi ya polepole yalizidi. Krugman alikuwa ameshaandika mwaka 1965 kwamba runinga hutufunza bila sisi kujihusisha, kama maji yanavyopenya udongo. Wapo walioibeba habari ya mtu mmoja yule wakaifanya sheria ya wanadamu wote.

Joto au baridi?

Mwaka 1980 Robert Zajonc wa Chuo Kikuu cha Michigan aliandika makala yaliyodai kwamba tunaweza kupenda kitu kabla hatujakifikiria. Makala hayo yalizipa hisia heshima mpya katika utafiti. Mwaka 1986 David Aaker, Douglas Stayman na Michael Hagerty wakachapisha mbinu yao ya kupima kile ambacho Kiingereza hukiita joto katika matangazo: upendo mwanana unaoamshwa na picha ya mtoto na babu, au ya marafiki waliokutana tena. Mtazamaji alishika penseli na kuishusha kwenye karatasi huku akitazama. Penseli ikielekea upande mmoja, hakuna joto. Ikielekea upande wa pili, mtu ameguswa hadi machozi yanamlengalenga.

Hapa, msomaji wangu, ndipo mwanaisimu hana budi kusimama. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ya utafiti wa soko iliniletea hojaji niipitie. Swali mojawapo lilisomeka hivi: "Tangazo hili limekupa joto kiasi gani?" Nikajiuliza, mama wa Kongowea aliyekaa sebuleni mwezi wa Februari atalijibu vipi?

Katika Kiingereza, upendo ni joto na kutojali ni baridi. Wenye lugha hiyo walitoka katika nchi za theluji, ambako aliyekukaribisha motoni alikuokoa. Kiswahili kimepita njia nyingine. Mtu aliyefarijika husema moyo wake umepoa. Habari njema huuburudisha moyo. Neno burudani lenyewe ni jamaa wa karibu wa neno baridi, yote yakiwa ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ubaridi. Anayekuburudisha, kwa asili, anakupoza. Nalo joto tumeliachia mambo mengine: hasira huchemka, hamaki huwaka, mtu mkali huitwa moto. Mswahili akiambiwa tangazo limempa joto, anaweza kudhani anaulizwa kama limemkasirisha au kama limemtia ashiki.

Sasa fikiria hojaji ile ikijazwa na watu 500. Takwimu zitatoka nadhifu, kwa wastani na asilimia. Meneja ataambiwa kwamba watazamaji wa Pwani hawakuguswa na tangazo lake. Kumbe waliguswa. Waliulizwa vibaya. Nilipendekeza waulizwe kama tangazo limewagusa moyo, au limewakunjua nyoyo, na nafasi iachwe mtu aseme kwa maneno yake. Kijana wa Eastlands angeandika kwamba limembamba, au kwamba linaboo, na hapo mtafiti angejua zaidi kuliko penseli yoyote inavyoweza kumwambia.

Picha bila maneno

Wako waliolitambua tatizo la tafsiri wakajaribu kuliepuka kwa picha. Peter Lang wa Chuo Kikuu cha Florida alibuni mwanasesere wa kuchorwa, naye pamoja na Margaret Bradley wakaeleza matumizi yake katika makala ya mwaka 1994. Mwanasesere huyo ana safu tatu. Ya kwanza inatoka kwenye tabasamu hadi kwenye uso ulionuna. Ya pili inatoka kwenye mshindo tumboni hadi kwenye usingizi. Ya tatu inatoka kwa kijitu kidogo hadi kwa jitu kubwa, kuonyesha kama mtu anahisi ameitawala hali au hali imemtawala. Huko Florida vilevile, Jon Morris akaitumia mbinu hiyo kupima matangazo. Bila shaka umezitambua safu mbili za kwanza. Ni raha na msisimko wa mzee Wundt, zimevaa nguo za kibonzo.

Picha zilisaidia sana. Lakini hata picha huhitaji maelezo kabla hazijatumika. Mtafiti lazima amwambie mtu kwamba kijitu kidogo maana yake ni kuzidiwa. Asipoambiwa, anaweza kuona mtoto na mtu mzima, au maskini na tajiri. Ulimi uliotolewa mlangoni umeingilia dirishani.

Kamera inayosoma nyuso

Chombo cha hivi karibuni ndicho kinachotuhusu zaidi. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen walitoa mfumo wa kuorodhesha misogeo ya misuli ya uso. Ekman alikuwa amezuru Papua New Guinea mwaka 1967 na 1968, na akashikilia kwamba nyuso za furaha, huzuni, hasira, hofu, karaha na mshangao hufahamika kote duniani. Kwenye msingi huo, mwaka 2009 Rana el Kaliouby, mzaliwa wa Misri, na Rosalind Picard wa taasisi ya MIT walianzisha kampuni ya Affectiva. Programu yao hutumia kamera ya tarakilishi kuufuata uso wa mtazamaji wakati tangazo linapoendelea, na kampuni ilikusanya nyuso kutoka zaidi ya nchi 70. Hakuna elektrodi, hakuna ukumbi. Mtu yuko nyumbani kwake, na akili unde inahesabu tabasamu.

Je, uso ni kitabu kilicho wazi kiasi hicho? Mwaka 2014 Maria Gendron na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa Wahimba wa Namibia. Waliombwa wazipange picha za nyuso katika mafungu. Hawakuzipanga kama Wamarekani walivyozipanga, na mara nyingi walizitaja kwa vitendo, kwamba huyu anacheka, yule anatazama, badala ya kutaja hisia za ndani. Walipotangulia kupewa maneno ya hisia, upangaji wao ulisogea kidogo kuelekea ule uliotarajiwa. Yaani neno ndilo lililosaidia kuupa uso maana! Mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake nao walionyesha kwamba wakazi wa visiwa vya Trobriand, hukohuko Papua New Guinea, huuona uso wa macho makubwa na kinywa wazi kuwa uso wa kutisha, ilhali Wamagharibi huuona kuwa uso wa anayetishika.

Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walipitia tafiti nyingi na kuhitimisha kwamba uso peke yake hautoshi kuthibitisha hisia. Kwa wastani, watu wenye hasira huukunja uso takriban asilimia 30 tu ya nyakati wanapokasirika. Mara nyingine hukaa kimya, hulia, au hucheka. Juni 2022 Microsoft ilitangaza kwamba inaondoa huduma yake ya kukisia hisia kutokana na nyuso. Nayo sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inakataza kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.

Tuchukue mfano wa kwetu. Familia imekaa sebuleni: baba, mabinti, na mama mkwe aliyekuja kutembea. Linatokea tangazo la kondomu. Binti anainamisha uso. Mwingine anatazama dirishani. Kamera ingehesabu huzuni, au kutojali, au karaha. Mswahili angejua mara moja kwamba ni haya. Na haya si aibu. Aibu humpata mtu aliyetenda au kutendewa la kufedhehesha. Haya ni adabu ya moyo, ni sifa ambayo tunamtakia kila mtoto. Binti yule huenda amelisikia tangazo kuliko wote, na ameuweka ujumbe wake vizuri kabisa. Kinachotafsiriwa na mashine kuwa kukataa kinaweza kuwa heshima kwa mama mkwe.

Tamaa ina sura mbili

Mtu ataniuliza, "Profesa, haya yote si mambo ya wauza sabuni tu? Yanatuhusu nini sisi wa lugha?" Yanatuhusu kwa sababu kinachopimwa ndicho kinachoongezwa. Tangazo likionyeshwa kusisimua, litarudiwa, litanolewa, na mengine yatatungwa kwa mfano wake.

Fikiria matangazo ya kamari. Mnamo Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia michezo ya kamari nchini Kenya iliyasimamisha kwa siku 30, baada ya malalamiko kuhusu jinsi yanavyowafikia hata watoto. Mpime kijana asiye na kazi anapolitazama tangazo la aina hiyo. Kiganja kitatoa jasho. Mboni zitapanuka. Uso utatabasamu. Kwa mizani zote tulizozipitia, kuanzia Leipzig hadi MIT, hiyo ni alama ya juu. Tangazo limefaulu.

Muulize kwa Kiswahili, na huenda neno atakalolitaja ni tamaa. Neno hilo lina sura mbili. Tamaa ni uchu, ndiyo tunayoionya kwa methali ya tamaa mbele mauti nyuma. Lakini aliyeishiwa na matumaini pia tunasema amekata tamaa. Kwa hivyo tamaa hiyohiyo ni kamba inayomshikilia mtu asianguke, na ndiyo kamba inayoweza kumnyonga. Kijana anayeweka shilingi 50 zake za mwisho kwenye mkeka anazishika ncha zote mbili. Kipimo kisichoweza kutenganisha matumaini na uchu hakijampima kijana huyo. Na mdhibiti anayetaka kumlinda hawezi kumlinda kwa kutazama grafu ya tabasamu.

Kuna haja basi ya kufanya mambo matatu. Kwanza, hojaji za hisia zinazotumiwa nchini zitungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, wala zisitafsiriwe usiku mmoja kabla ya utafiti kuanza. Pili, idara zetu za Kiswahili zishirikiane na wenzao wa saikolojia kuandaa orodha ya maneno ya hisia, yakiwemo haya, soni, simanzi, bashasha, kijicho, uchungu na kinyongo, pamoja na yale ya Sheng, na kila neno lijaribiwe kwa watu wa rika na maeneo mbalimbali. Hiyo ni kazi inayoweza kuwalisha wahitimu wetu wanaozunguka na vyeti mifukoni. Tatu, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huihesabu data ya kibayometriki kuwa data nyeti. Anayetaka kuusoma uso wa Mkenya anapotazama runinga aombe ruhusa kwa lugha ambayo mwenye uso anaielewa, si kwa kurasa 12 za Kiingereza cha mawakili.

Sidai kwamba vyombo hivi ni bure. Kibonyezo, mboni na jasho hutuonyesha wakati ambapo jambo limemtikisa mtu, na hilo ulimi peke yake mara nyingi hulisahau. Hutuambia pa kuuliza. Kuuliza kwenyewe kungali kazi ya lugha, na anayeulizwa ana haki ya kuulizwa kwa maneno ambayo moyo wake unayajua.